Kuelea inaelea, shida ni bili yake

Swali: Assalaam aleikum, mhandisi. Mimi ni fundi umeme mstaafu, naishi Tanga. Mpwa wangu anayesoma Aberdeen kanitumia video ya mitambo mitano ya upepo iliyo baharini karibu na Peterhead. Anasema haikusimikwa chini, inaelea, imefungwa kwa minyororo tu. Sasa anataka kuandika tasnifu juu ya kuweka mitambo kama hiyo kwenye mkondo wa Pemba. Naomba kuuliza: kitu hicho ni cha kutegemewa au ni cha maonyesho? Umeme wake unatoka kiasi gani kwa uniti? Na ni kweli kwamba bei inashuka kila mwaka kama ilivyoshuka ya sola?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Umefanya vizuri kulitenga swali la kutegemewa na lile la bei, maana watu wengi huyachanganya, na ndipo mabishano yanapokosa mwisho. Kwa upande wa uhandisi jibu langu ni ndiyo, tena bila kusitasita. Kwa upande wa bei, ni ghali, na haijashuka jinsi tulivyotazamia. Mimi mwenyewe miaka kumi iliyopita nilikuwa miongoni mwa waliosema itashuka haraka. Nilikosea, na nitakuonyesha nilikosea wapi.

Mitambo aliyokutumia mpwa wako inaitwa Hywind Scotland. Ilianza kuzalisha Oktoba 2017, iko kilomita 25 hivi kutoka pwani ya Peterhead, kwenye maji ya kina cha mita 95 hadi 120. Ni mitano, kila mmoja megawati 6. Chini ya kila mnara kuna mtungi mrefu wa chuma unaozama mita 78, na kitakoni mwake wamejaza mawe mazito yenye madini ya chuma. Wewe ni mtu wa Tanga, sina haja ya kukueleza sana: ni farumi. Jahazi tupu hulala ubavu kwa upepo mdogo, ukiliwekea farumi linatulia. Hapa ni vivyo hivyo, ila farumi iko mbali mno chini ya maji, kwa hiyo mnara ukiinamishwa na upepo, ule uzito unaurudisha wima. Minyororo mitatu kwa kila mtambo kazi yake ni kuuzuia usitembee. Kuusimamisha si kazi yake, na hapo ndipo watu hukosea.

Kilichowasumbua wahandisi hakikuwa kuelea. Watu wa mafuta wanaelea baharini tangu zamani. Kilichowasumbua ni kompyuta ya mapanga. Upepo ukizidi kiwango, kompyuta huyageuza mapanga kidogo ili yauachie upepo upite, mzunguko usipitilize. Kwenye mtambo uliosimikwa hakuna neno. Kwenye unaoelea, ukiuachia upepo ghafla, mnara uliokuwa umeegemea nyuma unajirudi mbele. Ukienda mbele unaukabili upepo, na kwa mtambo ni kama upepo umeongezeka. Kompyuta inaachia tena, mnara unazidi kwenda mbele, kisha unarudi, na baada ya dakika chache una pembea ya mita mia na zaidi inayojisukuma yenyewe. Ilibidi programu iandikwe upya ili iwe inasubiri na kuuhisi mwendo wa mnara kabla ya kugusa mapanga. Hilo lilijaribiwa kwa mtambo mmoja wa megawati 2.3 uliowekwa mwaka 2009 karibu na Karmøy, Norway, na kampuni ya Statoil, ambayo leo inaitwa Equinor. Ndio uliokuwa mtambo wa kwanza wa ukubwa kamili kuelea kwenye maji ya kina kirefu.

Je, unastahimili? Mwezi huohuo wa kuanza, mabaki ya kimbunga Ophelia yalipita kwa upepo wa kilomita 125 kwa saa. Disemba ikaja tufani Caroline, upepo zaidi ya kilomita 160 kwa saa, mawimbi zaidi ya mita 8. Mitambo ilijizima yenyewe upepo ulipozidi kiwango, ukapita, ikajiwasha. Katika miaka mitano ya kwanza ilizalisha kwa wastani asilimia 54 ya kile ambacho ingezalisha kama ingefanya kazi kwa nguvu zote saa zote. Wewe uliyekaa na mashine unajua maana ya namba hiyo. Mitambo ya baharini ya Uingereza iliyosimikwa chini huwa kwenye asilimia 40 hivi.

Si mtungi pekee. Kuna muundo wa nguzo tatu zilizounganishwa kwa mabomba, mtambo umekaa juu ya nguzo moja. Huo ni wa jamaa wa ngalawa na matengo yake, unasimama kwa upana wake badala ya urefu wa chini. Upo Viana do Castelo, Ureno, tangu 2020, mitambo mitatu ya megawati 8.4, na upo Kincardine, Scotland, tangu 2021. Faida yake ni kwamba unaundwa gatini kwenye maji ya kina kidogo, kisha unavutwa na tagi, yaani meli ndogo ya kuvutia vyombo, hadi mahali pake. Ile ya Ureno iliundwa Ferrol, Hispania. Wafaransa nao wana ya kwao huko Provence iliyokazwa na nyaya hadi chini, inabaki imevutika muda wote.

Wapo walioshindwa. Japani iliweka mitambo mitatu nje ya Fukushima baada ya ajali ya nyuklia, ikatumia takribani yeni bilioni 60, na ilipofika mwisho wa 2020 serikali ilikuwa imeamua kuiondoa yote. Ule mkubwa wa megawati 7 ulikuwa umesimama zaidi ya ulivyofanya kazi. Kuelea ulielea, mfumo wake wa kupeleka nguvu kutoka kwenye mapanga hadi kwenye jenereta ndio uliowashinda.

Sasa njoo kwenye fedha. Nitachukua kampuni moja, ileile ya Norway, kwa sababu imejenga mara tatu kwa muundo uleule, na ndipo mtu anaweza kuona kama bei inashuka. Mtambo wa 2009 uligharimu takribani krona milioni 400, fedha ya Norway, kwa megawati 2.3. Gawanya: krona milioni 174 kwa kila megawati. Peterhead, 2017, krona bilioni 2 hivi kwa megawati 30: milioni 67. Imeshuka kwa zaidi ya nusu, na hapo ndipo sote tulipochora mstari ukishuka hadi ukutani. Mradi wa tatu, Hywind Tampen, ulizinduliwa Agosti 2023, mitambo 11, megawati 88, kilomita 140 kutoka pwani ya Norway, kwenye maji ya mita 260 hadi 300. Bajeti yake ya kwanza ilikuwa krona bilioni 5 hivi, ambayo ingetoa milioni 57 kwa megawati. Ilipokamilika ilikuwa imefika bilioni 7.4. Gawanya tena: milioni 84.

Yaani 174, kisha 67, kisha 84. Kuna sababu za kweli: korona, vita vya Ukraine, chuma kupanda, mradi kuwa mbali. Na krona ya 2023 si ya 2009. Lakini sola haikupata mtihani kama huu. Paneli ya sola hutengenezwa kiwandani kwa mamilioni, kila moja ni pacha wa mwenzake. Mitambo inayoelea duniani kote, ukiiweka pamoja, bado haifiki hata nusu ya megawati elfu moja, na karibu kila mradi una muundo wake, bandari yake, meli zake na mabingwa wake. Hakuna aliyetengeneza miundo mia ya aina moja. Fundi anayeshona suti moja moja kwa kipimo hawezi kukuuzia kwa bei ya mtumba. Equinor yenyewe ilikuwa na mradi mwingine mkubwa wa megawati elfu moja, Trollvind, ambao ungeweza kuleta wingi huo. Waliutangaza Juni 2022, na Mei 2023 wakauweka kando kwa sababu ya gharama.

Kwa uniti ni ngapi? Maabara ya taifa ya nishati jadidifu ya Marekani hufanya makadirio kila mwaka. Katika toleo la 2024, upepo wa nchi kavu uliwekwa senti 4.2 za dola kwa uniti, wa baharini uliosimikwa senti 11.7, na unaoelea senti 18.1. Ukiihesabu dola kwa shilingi 2,500 za Tanzania, hiyo ya mwisho ni kama shilingi 450 kwa uniti pale tu inapotoka baharini, kabla haijaingia kwenye laini, kabla ya hasara za njiani, kabla ya faida ya yeyote.

Lakini ngoja nikuonyeshe kitu ambacho makala nyingi huruka. Upepo haununuliwi. Karibu gharama yote unailipa siku ya kwanza, na fedha hiyo ni ya kukopa. Chukua dola milioni 8 kwa megawati, ambayo ndiyo Tampen kwa kukadiria. Mtambo ukifanya kazi kwa asilimia 50, kila megawati inakupa uniti milioni 4.38 kwa mwaka. Ukikopa kwa riba ya asilimia 5 kwa miaka 25, marejesho ni kama dola 568,000 kwa mwaka, sawa na senti 13 kwa uniti. Ukikopa kwa asilimia 10, mtambo uleule, upepo uleule, marejesho ni dola 881,000, sawa na senti 20. Hapo hujalipa fundi hata mmoja. Sasa punguza upepo ufanye kazi kwa asilimia 40 na riba ibaki 10: senti 25. Mkopeshaji akiuona mtambo wa aina mpya anaongeza riba kwa sababu hajaizoea, na riba hiyo ndiyo inayoufanya uwe ghali, na ukiwa ghali haujengwi, na usipojengwa hauzoeleki. Sijaona fundi aliyeupata ufumbuzi wa mviringo huo kwenye karakana. Ni kazi ya serikali zenye mikopo nafuu.

Ndiyo maana utakuta serikali kila mahali. Tampen ilipata ruzuku ya karibu krona bilioni 3. Na inauza umeme kwa nani? Kwa majukwaa ya mafuta na gesi ya Snorre na Gullfaks, yaliyokuwa yakichoma gesi baharini kujiendeshea mitambo, huku Norway ikitoza kodi kila tani ya kaboni. Inatosheleza kama asilimia 35 ya mahitaji yao kwa mwaka. Wachina nao wameupeleka mmoja kwenye visima vya mafuta nje ya Hainan. Kichekesho kidogo, lakini hesabu yake ni sahihi: jenereta ya gesi juu ya jukwaa katikati ya bahari ni umeme wa bei mbaya, kwa hiyo ushindani ni rahisi.

Kwenye minada ya umma, ambako serikali huuahidi mradi ulioshinda bei ya umeme wake, tahadhari na namba. Uingereza mwaka 2024 iliupa mradi wa Green Volt, megawati 400, bei ya pauni 139.93 kwa megawati-saa, yaani peni 14 kwa uniti kwa thamani ya pauni ya 2012. Mnada uleule, mitambo ya kusimikwa ilipata pauni 58.87. Mwaka huohuo Ufaransa ikatangaza mradi wa megawati 250 kusini mwa Brittany kwa euro 86.45. Watu wakasema Wafaransa wamegundua siri. Siri kubwa ni kwamba huko kebo ya kuleta umeme nchi kavu hulipwa na shirika la gridi, haimo kwenye bei ya mwekezaji. Na bei ya mnadani ni ahadi. Mradi wa Hornsea 4, wa kusimikwa, ulioshinda kwa pauni 58.87, mwenyewe aliusitisha Mei 2025, akisema gharama zimepanda. Mimi bei ya mradi ambao bado uko kwenye karatasi huwa naiandika kwa penseli.

Umesema wewe ni fundi, basi matengenezo yatakugusa. Mwaka 2024 ilibidi mitambo yote mitano ya Peterhead ibadilishwe beringi kuu, ile inayobeba shafti ya mapanga. Kwa mtambo uliosimikwa, inakuja meli yenye miguu, inashusha miguu hadi chini, inajiinua juu ya mawimbi, kreni inafanya kazi kama iko nchi kavu. Kwenye mita 100 za maji hakuna meli ya miguu. Kreni inayoelea kunyanyua beringi hadi juu ya mnara unaoelea, vyote viwili vinacheza kila kimoja kwa mwendo wake, ni kama kumtia mtu uzi kwenye sindano mkiwa kwenye mashua mbili. Kwa hiyo walifungua minyororo, wakachomoa kebo, wakaivuta mitambo kwa tagi kuvuka Bahari ya Kaskazini hadi Gulen, Norway, mmoja baada ya mwingine. Kwa nini Norway na si bandari ya jirani? Kwa sababu ya zile mita 78. Mtungi unahitaji maji ya kina kirefu yaliyotulia kando ya gati, na hayo yapo kwenye fyodi, zile ghuba nyembamba za Norway. Wakafanya kiangazi, upepo ukiwa mdogo, ili hasara ya uniti ipungue. Mtambo mmoja wa Kincardine nao ulivutwa hadi Rotterdam mwaka 2022 kwa matengenezo makubwa.

Na kuna kebo. Kwenye mtambo uliosimikwa kebo imelala chini na kutulia. Kwenye unaoelea, inaning'inia kutoka kwenye chombo kinachocheza mchana na usiku, kwa miaka 25. Wanaifunga maboya katikati ili ikunjike kama mgongo wa ngamia, mtikisiko uishie hapo usifike sehemu iliyolala mchangani. Chukua kipande cha waya ukikunje na kukikunjua mara elfu uone. Mabaharia wa kebo wanasema mtambo ukiharibika umepoteza mtambo mmoja, kebo ikiharibika umepoteza safu nzima. Wazanzibari hawahitaji kuelezwa: Disemba 2009 hitilafu ya kebo ya kutoka bara iliiacha Unguja gizani hadi Machi 2010, na hiyo ilikuwa kebo ya kulala, haikuwa ya kuning'inia.

Sasa mkondo wa Pemba. Wazo la mpwa wako lina msingi: maji pale ni ya mamia ya mita, mtambo wa kusimikwa haufai, kwa hiyo kama ni upepo wa pale basi ni wa kuelea. Upepo wa baharini duniani, inakadiriwa asilimia 80 yake uko kwenye maji yanayozidi mita 60, na mtambo wa kusimikwa uliokwenda chini sana, wa Seagreen huko Scotland, uko kwenye mita 59 hivi. Ndiyo sababu watu hawaachi kujaribu. Ila pale kwetu kuna mambo matatu.

Upepo kwanza. Peterhead wastani wake ni kama mita 10 kwa sekunde. Nguvu iliyomo kwenye upepo inakwenda kwa mchemraba wa mwendo wake. Tuseme Pemba ikawa mita 7: 0.7 × 0.7 × 0.7 ni 0.34, yaani theluthi tu ya nguvu. Mapanga marefu yanaweza kufidia kiasi, si yote. Kusi tunalijua linavuma, lakini ukali wake hasa unaukuta kaskazini, pwani ya Somalia. Na baina ya kusi na kaskazi kuna maleleji, ambayo mabaharia wetu waliyajua bila kipimo chochote.

La pili ni gridi. Kebo inayotoka hapo kwenu Tanga kwenda Pemba, iliyowashwa 2010 kwa fedha za Norway kwa sehemu kubwa, ni ya kilovolti 33 na ilipangwa kubeba megawati 20 hivi. Mtambo mmoja wa kisasa wa baharini ni megawati 15. Ukiuweka mmoja, kisiwa kizima kinategemea beringi moja. Ukiweka kumi, umeme wote unarudi Tanga, na hapo unashindana na Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115. Kwa mfano wa upepo, Turkana ya Kenya, megawati 310 nchi kavu, ilipewa mkataba wa kuuza kwa senti 7.52 za euro kwa uniti, na kuna Wakenya wanaoona hata hiyo ni ghali.

La tatu ni bandari. Tanga imechimbwa hadi mita 13, kwa hiyo mtungi wa mita 78 sahau. Ule wa nguzo tatu, aina ya ngalawa, ungeweza kuingia. Lakini siku beringi itakapolia, utauvuta wapi, kwa tagi ya nani, kreni ya kufika mita 140 juu itoke wapi? Jibu la leo ni kwamba itoke ng'ambo, na kreni hizo hulipiwa kwa siku tangu zinapong'oa nanga kwao.

Kwa hiyo mradi wa kuuza umeme pale, kwa miaka hii, mimi nisingeweka shilingi yangu. Tasnifu ni kitu kingine. Mwambie asiandike tasnifu ya kuthibitisha kwamba inafaa. Msimamizi wake ataimaliza kwa ukurasa mmoja wa riba. Aulize kitu kidogo. Kipimo cha upepo cha mwaka mzima kwenye urefu wa mita 100 juu ya maji pale mkondoni kingemfaa kila mtu, hata asiyeelea. Au kama yuko Aberdeen na bahati ya kuwa jirani na Peterhead, akawaulize watu wa Hywind kitu ambacho mimi ningependa kukijua: miezi ile mitambo ilipokuwa Gulen, ncha za kebo zilizochomolewa zilizibwaje na zililazwa vipi chini ya bahari, na zilipounganishwa tena walipima nini kabla ya kuwasha.